Bunduki za leseni na za kiwanda mama: ipi ya kuamini? (Uzi)

Mnyalukolo wa Mafinga (mwanzisha uzi)

Kamwene wana jamvi, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Kuna kauli inazunguka sana kwenye vijiwe vya huku kwetu, kuanzia Iringa mjini mpaka Makambako, kwamba bunduki ya kweli ni ile iliyotoka kiwandani kwa aliyeibuni, na nyingine yoyote ni feki. Nimeona watu wenye vibali halali wakilipa pesa ya ziada kwa sababu ya nembo tu. Nimeona pia wengine wakiikataa bunduki nzuri kwa sababu imeandikwa Brazil au Uturuki. Naomba tulizungumze kwa hoja, maana silaha ni chombo ambacho mtu anakilaza shavuni na kuwasha moto ndani yake. Kukichagua kwa uvumi ni hatari.

Kwanza tutenganishe mambo. Nakala ya leseni ni ile ambayo mwenye ubunifu ameuza haki ya kuitengeneza. Pamoja na haki hutoka michoro ya kila kipuri, geji za kukagulia, na mara nyingine mashine zenyewe pamoja na mafundi wa kukaa na wenyeji mpaka wafuzu. Kuna nakala ya pili, iliyotolewa kwa urafiki wa serikali na serikali, kama Wasovieti walivyowapa Wachina miaka ya 1950. Halafu kuna ya tatu: mtu kaichukua bunduki ya mwenzake, kaifungua, kapima kila kipande, kachora upya mwenyewe. Hizi tatu hazifanani hata kidogo, lakini mtaani zote zinaitwa kopi.

Anayeiamini nembo ya FN (Fabrique Nationale, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji) kuliko zote aanze na historia ya FN yenyewe. Kiwanda kile cha Herstal, jirani na Liège, kilianzishwa 1889 kwa kazi moja mahususi: kutengeneza raifo 150,000 za Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Kilizaliwa kikitengeneza bunduki ya Mjerumani kwa leseni, na ndicho hicho baadaye kikaibuni raifo ya kijeshi ya FAL ambayo nchi zaidi ya 90 zimeitumia.

Njoo kwenye raifo ya G3. Ujerumani Magharibi iliitaka FAL. Ikanunua kiasi, ikaziita G1, kisha ikaomba ruhusa ya kuzitengeneza nyumbani. Ubelgiji, iliyovamiwa na Ujerumani 1914 na tena 1940, ikakataa kutoa leseni hiyo. Wajerumani wakaenda Hispania, kwenye taasisi ya CETME, ambako mhandisi Mjerumani Ludwig Vorgrimler alikuwa ameuendeleza ubunifu ulioanzia Mauser mwishoni mwa vita. Haki zikanunuliwa, kazi wakapewa Heckler & Koch, na 1959 G3 ikawa raifo ya jeshi lao. Kwa hiyo mtu anaposema "G3 orijino ya Ujerumani" dhidi ya "G3 ya leseni ya Pakistan", zote mbili zina baba mmoja, na baba huyo yuko Hispania. Wareno nao waliitengeneza kwa leseni pale Braço de Prata, Lisbon, wakaiita m/961, na ndiyo waliyoibeba kupigana na FRELIMO ng'ambo ya Ruvuma. Wazee wa Songea wanaifahamu hiyo.

Lakini kuna kitu ambacho michoro haibebi, nacho ni moto wa tanuru. Marekani ilipotengeneza raifo ya Springfield ya 1903 ilichukua mambo mengi ya Mauser, mpaka serikali yake ikakubali kumlipa Mauser dola 200,000 za haki ya ubunifu. Kwenye karatasi kila kitu kilikaa sawa. Kwenye tanuru, mafundi walikuwa wakikadiria joto la chuma kwa kuangalia rangi yake kwa macho. Siku ya jua kali, rangi ya chuma cha moto huonekana hafifu. Fundi anaongeza moto, chuma kinaungua kwa ndani na kubaki kikavu, cha kuvunjika. Baadhi ya bunduki hizo zilipasuka. Baada ya uchunguzi wa 1917 ndipo vikafungwa vipimajoto na njia ya kukaza chuma ikabadilishwa. Mpaka leo wanaozijua hutazama namba kwanza: zilizotoka kiwanda cha Springfield zikiwa na namba chini ya 800,000 wengi hawakubali kuzipiga risasi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Ubora unakaa kwenye chuma, kwenye namna kilivyokazwa kwa moto, na kwa mkaguzi mwenye geji anayeweza kusema "hii hapana" na akasikilizwa. Leseni inasaidia kuvifikisha vitu hivyo kwa mtengenezaji mpya. Haivitengenezi.

Wasweden walilijua hili mapema. Walipochukua leseni ya Mauser miaka ya 1890, Mauser alitengeneza nyingine kiwandani kwake Oberndorf, Ujerumani, kwa ajili yao, lakini Sweden ikamtaka atumie chuma cha Sweden. Mwenye kununua leseni alimpelekea mwenye ubunifu chuma bora kuliko alichokuwa nacho. Raifo hizo za risasi ya milimita 6.5 zilizotoka Oberndorf na za kiwanda cha Carl Gustaf pale Eskilstuna, watu wa shabaha wanaziheshimu zote mpaka leo.

Karibuni.

---

Mstaafu Itende

Mkuu Mnyalukolo, umeanza vizuri. Niongeze upande ninaoufahamu, maana vijana wengi waliopita JKT wameshika SAR na SMG bila kujua zimetoka wapi.

SAR ni SKS ya Simonov, bunduki ya Kisovieti ya 1945. Hizi tulizozizoea ni za Kichina, zilizoanza kutengenezwa 1956 kwa msaada wa Wasovieti wenyewe, na za mwanzo kabisa hutofautishi kwa macho na za kiwanda cha Kisovieti cha Tula. Zina singe bapa kama kisu, na mtutu umekazwa kwa nyuzi za skrubu zilizochongwa kwenye chuma. Kadiri miaka ilivyokwenda na urafiki wa Moscow na Beijing ulivyovunjika, Wachina wakaanza kurahisisha. Singe bapa ikawa ya mwiba. Mtutu ukaacha kukazwa kwa nyuzi za skrubu, ukawa unashindiliwa na kuzuiwa kwa pini. Ulinzi wa kifyatulio ukawa wa bati lililokunjwa badala ya chuma kilichochongwa.

Je, ilipungua ubora? Kwa askari, hapana. Inapiga vilevile. Kwa fundi, ndiyo kidogo, kwa sababu mtutu wa pini kuubadilisha ni kazi ngumu zaidi. Ona kwamba mabadiliko hayo hayakuletwa na "uchina". Yaliletwa na hesabu ya gharama, na nchi yoyote inayotengeneza mamilioni ingeyafanya.

SMG, yaani bunduki ya ukoo wa AK, hivyohivyo. Watu wanasema AK-47 ya Mrusi ndiyo yenyewe. Mrusi mwenyewe kuanzia 1959 aliiacha ile ya zamani akaenda kwenye AKM, ambayo mwili wake ni wa bati la chuma la unene wa milimita 1. Mchina aliendelea na mwili wa chuma kizima kilichochongwa, na alipohamia kwenye bati alitumia la milimita 1.5. Ndiyo maana SMG ya Kichina ni nzito mkononi kuliko AKM. Ukitaka kuitambua haraka, angalia shabaha ya mbele: ya Mrusi ina masikio mawili yaliyo wazi juu, ya Mchina imezungushiwa duara lililofungwa.

Ipi bora? Anayetembea nayo Kitulo kutwa nzima atataka AKM. Anayeikabidhi kwa askari wapya mia mbili ili waiangushe na kuikanyaga, atataka bati nene.

---

Binti Rungwe

Mugonile. Nafuatilia kwa makini. Baba yangu ana shotigani ya kibali kwa ajili ya nguruwe pori wanaomaliza mahindi na viazi, na kwetu Tukuyu mvua na ukungu haviishi. Kutu ndiyo adui yetu mkubwa. Swali langu: je, nakala zinatofautiana na za kiwanda mama katika kushika kutu? Nimesikia mmoja akisema kopi zote huoza haraka.

---

Fundi Makambako

Dada Binti Rungwe, swali lako ndilo la maana kuliko lile la nembo. Jibu fupi: zinatofautiana, ila si kwa sababu ya ukopi. Ni kwa sababu ya kromu.

Chukua familia hiyohiyo ya SMG aliyoieleza mzee Mstaafu. Mrusi alipaka kromu ndani ya mtutu na chemba, Mchina akafuata. Wayugoslavia, waliokuwa nje ya kundi la Moscow, walitengeneza yao kwenye kiwanda chao cha Zastava bila leseni wakaiita M70. Mwili wake ni imara, bati la milimita 1.5, ina hata kifaa cha kurushia guruneti. Lakini mtutu hawakuutia kromu. SKS yao ya M59/66 ni hivyohivyo. Risasi nyingi za zamani za 7.62 zilikuwa na fataki (kiwashio cha baruti) yenye chumvi, na chumvi hiyo ikibaki ndani ya mtutu usio na kromu kwenye hewa ya Rungwe, wiki haiishi kutu imeshika. Kwa hiyo unaweza kukuta bunduki mbili zinazofanana kwa sura, moja imezeeka vizuri na nyingine ndani imetoboka vishimo kama ngozi ya ndui.

Kwa shotigani ya baba, angalia kama mtutu una kromu ndani (wengi wanaotengeneza za kisasa hutia, awe Mturuki, Mrusi au Mwitaliano). Kisha usafi baada ya kila matumizi, mafuta mepesi, na usiifunge kwenye ala ya ngozi au ya kitambaa ikakaa humo masika nzima. Ala inanyonya unyevu na kuulaza kwenye chuma.

---

Mzee wa Ipogolo

Kamweneni wanangu. Mimi si wa kompyuta sana, kijana wangu ananiandikia.

Nimefurahi kuona mnazungumza kwa kuheshimiana. Marehemu baba yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika), alifika Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, bonde la Kabaw. Alikuwa mbeba Bren, bunduki nyepesi ya rashasha. Mpaka anakufa aliisifu bunduki ile kuliko kitu chochote alichopewa na Mwingereza. Sasa nawaambia: Bren ni ya leseni. Asili yake ni bunduki ya Wacheki, ZB 26, iliyobuniwa na Václav Holek pale Brno. Waingereza waliijaribu, wakaipenda, wakanunua haki 1935, na kuanzia 1937 ikatoka kwenye mashine za Enfield. Jina lenyewe limeunganishwa kutokana na Brno na Enfield.

Na hawakuichukua ilivyo. Ile ya Brno ilikula risasi ya Kijerumani ya 7.92 ambayo kitako cha ganda lake hakina ukingo uliotokeza. Risasi ya Mwingereza ya .303 ina ukingo huo, na risasi za namna hiyo zikipangwa juu ya nyingine hujipinda kama tao, ndiyo sababu magazini ya Bren imepinda. Tundu la gesi likasogezwa karibu zaidi na chemba. Michoro yote ya milimita ikageuzwa kuwa ya inchi. Kazi ya kugeuza michoro si kukokotoa tu. Kila kipimo kina nafasi yake ya kupungua na kuzidi, na ukikosea kuikadiria nafasi hiyo vipuri vitakataa kuingiliana. Wale walifanya kwa uangalifu na Wacheki wakiwa wanashirikiana nao. Matokeo yake ni nakala iliyofaa kwa risasi yake na kwa askari wake. Kanada pale Toronto wakaitengeneza pia, Australia pale Lithgow, zote za kuaminika.

Jambo jingine kwa vijana wa Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, mashujaa wetu walipomuua kamanda wa Wajerumani, Zelewski, na kuliangamiza jeshi lake, walichukua bunduki takribani 300 na mizinga mitatu. Askari wale walibeba Mauser ya 1871, ya kuingiza risasi moja moja na yenye baruti ya moshi. Bunduki hiyo ilitengenezwa kwa Mauser mwenyewe Oberndorf, na pia kwenye viwanda vya serikali vya Spandau, Danzig, Erfurt na Amberg, na nyingine nyingi Steyr kule Austria. Mkwawa alipoendelea kupigana miaka ile yote kwa silaha za mateka, sidhani kama kuna aliyeuliza hii ni ya Oberndorf au ya Steyr. Waliuliza risasi zipo ngapi.

---

Hoja Kinzani Tunduma

Shikamoo mzee wa Ipogolo, na heshima kwa wote. Lakini mimi siafiki, na nitasema wazi.

Mnachagua mifano mizuri tu. Naleta miwili mibaya.

Wa kwanza ni India. Walitaka FAL, wakatengeneza yao pale Ishapore wakaiita 1A1. Vipuri vyake haviingii kwenye FAL ya Ubelgiji wala kwenye SLR, yaani FAL iliyotengenezwa na Mwingereza. Bunduki moja, ukoo mmoja, lakini ikiharibika uko peke yako.

Wa pili ni bastola ya Walther PPK. Smith & Wesson wa Marekani walipewa leseni ya kuitengeneza, halali kabisa. Februari 2009 wakalazimika kuzirudisha kiwandani kutoka sokoni PPK na PPK/S zote walizotengeneza tangu 2002, kwa sababu zingine zingeweza kufyatuka bila mtu kugusa kifyatulio. Leseni ilikuwepo, michoro ilikuwepo, jina kubwa lilikuwepo. Nani angetaka kuwa mteja wa siku hiyo?

Mimi natoka familia ya wafanyabiashara hapa mpakani. Mtu anayebeba bastola kujilinda hana nafasi ya kujaribu bahati. Kama pesa ipo, nunua kwa mwenye kuibuni. Anayeijua sababu ya kila kona ya kipuri ni yule aliyekichora.

---

Mnyalukolo wa Mafinga (mwanzisha uzi)

Mkuu Hoja Kinzani, nashukuru sana, uzi huu ulihitaji mtu kama wewe.

Ya India umeieleza sawasawa, ila ni mfano wa kundi la tatu nililolitaja mwanzo. India na FN hawakuelewana masharti. Wahindi wakachukua sampuli za Mbelgiji, za Mwingereza na za Mwaustralia, wakapima, wakachora zao. FN wakalalamika na mambo yakamalizwa baadaye. Vipuri kutoingiliana ni matunda ya kukosa michoro. Walionunua haki na kupewa michoro hawakupata shida hiyo: FAL ya Steyr ya Austria, ya Argentina ya Rosario, ya IMBEL ya Brazil pale Itajubá. Miili ya FAL ya IMBEL imesifiwa na mafundi wa Marekani kwa miaka mingi, wakijengea bunduki za watu binafsi juu yake.

Ya PPK nakubali uzito wake wote. Ni leseni halali na kasoro ya hatari, na ndiyo inayotia nguvu hoja yangu kwamba leseni peke yake haimlindi mtu. Ila utazame leseni nyingine ya bastola hiyohiyo. Baada ya vita kiwanda cha Walther cha Zella-Mehlis kilibaki upande wa Wasovieti, Walther mwenyewe akakimbilia magharibi akiwa hana mashine. Akawapa leseni Manurhin wa Ufaransa, na kuanzia 1952 ndio walioitengeneza kwa zaidi ya miaka 30. Hata zilizouzwa zikiwa na nembo ya Walther ya Ulm, vipande vyake vilitoka Ufaransa, vikamaliziwa Ujerumani. Kuna watu wanamiliki "PPK ya Ujerumani" ya miaka ya 1960, wanaisifia usahihi wake, na ni kazi ya Mfaransa.

Na nembo ya kiwanda mama nayo inaweza kukuangusha. Bastola ya Browning Hi-Power ya 1935 ni ya FN, iliyoanzwa na John Browning na kumaliziwa na Dieudonné Saive. Wajerumani walipoikalia Ubelgiji waliendelea kuitengeneza kwenye kiwanda kilekile cha Herstal, na kufikia 1944 umaliziaji wake ulikuwa umeporomoka, chuma kina alama za mashine, kazi ya haraka ya wafanyakazi walio chini ya mtutu. Wakati huohuo, Inglis wa Toronto, kampuni iliyozoea boila na mashine nzito, ikawa inatoa Hi-Power zake kati ya 1944 na 1945, takribani 150,000. Jeshi la Kanada limezitumia hizohizo za Inglis mpaka miaka ya 2020. Mwaka ule wa 1944, ungepewa uchague kati ya jengo la mwenye ubunifu na jengo la mtengeneza boila, jibu sahihi lilikuwa Toronto.

Kwa bastola niongeze mbili za haraka. Argentina walipewa na Colt haki ya kutengeneza bastola yake ya 1911, wakaiita Sistema Colt Modelo 1927, na vipuri vyake vinaingiliana na vya 1911A1 ya Marekani. Hiyo ndiyo leseni iliyotekelezwa inavyotakiwa. Na Beretta waliwahi kuwa na kiwanda São Paulo kwa ajili ya mkataba wa Brazil. 1980 wakakiuza kwa Taurus na mashine zake na michoro yake. Taurus PT92 ikabaki na kifungio cha usalama kwenye mwili wa bastola kama Beretta 92 za mwanzo, wakati Beretta wenyewe walikihamishia juu, kwenye sehemu inayoteleza. Kwa hiyo leo ukitaka kushika Beretta 92 ilivyokuwa kabla haijabadilishwa, Taurus iko karibu nayo kuliko Beretta mpya. Ipi ni orijino hapo?

---

Usangu Halisi

Wakuu, mimi mkulima wa mpunga Mbarali na mwindaji wa vibali, naona tuletwe kwenye kinachotuhusu huku.

Kwanza nimuunge mkono mwanzisha uzi kwa kitu ambacho kila mkulima wa Usangu anakijua. Trekta la Massey Ferguson la Uingereza na lile la TAFE wa India, waliolitengeneza kwa leseni tangu miaka ya 1960, mashambani yapo yote mawili. Hakuna anayeuliza nchi. Anaulizwa fundi: gia za trekta hili zilikazwa vizuri au hazikukazwa?

Kwenye raifo za kuwindia, ukoo wa Mauser 98 ndio umejaa. Zastava wa Kragujevac waliingia mkataba na FN 1924, wakaletewa utaalamu wa Mauser, na mpaka leo raifo yao ya M70 ya kuwindia (si ile SMG aliyoitaja Fundi, jina tu limegongana) ina bolti ya Mauser yenye ulimi mrefu unaoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Kwa nyati huo ulimi ni uhai. Bolti hiyo haiachi ganda ndani ukiwa na kiwewe. Zastava kwa nje ni bunduki ya kawaida, mbao zake hazing'ai, mwendo wa bolti una ukwaruzo mwanzoni. Ila chuma chake ni kizuri. Nimewinda nikiwa na .375 ya Brno upande mmoja na mwenzangu na Zastava upande mwingine, na kwa kazi ile sikuona tofauti ya kuzungumziwa.

Pili, swali. Kuna anayeuza kihalali shotigani ya Stoeger ya Uturuki, na nyingine ni Benelli ya Italia kwa bei ya juu mno. Wanasema mfumo ni mmoja. Ni kweli?

---

Fundi Makambako

Mkuu Usangu, kweli. Benelli wako chini ya Beretta, na Stoeger pia. Kiwanda cha Uturuki Beretta walikinunua 2002. Stoeger M2000 inatumia mfumo wa Benelli wa kujazia risasi kwa msukumo wa mrudio, ambapo springi fupi nene ndani ya bolti hujikunja bunduki inaporudi nyuma, kisha hujikunjua na kuifungua bolti. Hakuna gesi, kwa hiyo masizi ni machache. Huo ni mfumo mmoja na umetolewa kwa ridhaa ya mwenyewe.

Unacholipia kwenye Benelli ni vingine: mtutu uliotendewa kwa uangalifu zaidi, uzito mdogo, mbao au plastiki iliyokaa sawa begani, kifyatulio laini. Stoeger ni nzito na mwanzoni ni ngumu, mara nyingine inakataa risasi hafifu mpaka springi na bolti zilainike. Kwa nguruwe pori na nyani, unayetumia risasi nzito, hilo halitakusumbua sana. Kwa mtu wa mashindano ya shabaha za kurushwa, anayepiga risasi hafifu mamia kwa siku, alipe pesa ya Benelli.

Sasa nikupe kitu cha kukagua kabla hujatoa hela, na hiki kinamhusu pia mkuu wa Tunduma. Tafuta mihuri ya majaribio. Nchi zilizo kwenye mkataba wa CIP, ulioanzia Liège 1914, zinalazimisha kila bunduki ipigwe kwanza kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida mbele ya mkaguzi wa serikali. Ikisalimika inagongwa muhuri kwenye mtutu na kwenye mwili. Kwa bunduki iliyopita Italia muhuri ni wa Gardone Val Trompia, kwa Uingereza ni London au Birmingham, kwa Ubelgiji ni Liège penyewe. Muhuri huo ni ushahidi wa bunduki ile uliyoishika, namba yake, siku yake. Nembo ya kampuni inakuambia nani aliichora.

Baada ya hapo angalia kama namba za mtutu, mwili na bolti zinalingana, piga tochi ndani ya mtutu, na usinunue chochote nje ya duka lenye leseni na bila kibali cha polisi mkononi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina huruma, na magobore ya kuchomelea vichakani yasiwajie hata akilini. Yale hayana michoro, hayana geji, hayana chuma cha kueleweka. Nimeona mikono iliyoharibiwa nayo.

---

Hoja Kinzani Tunduma

Fundi, la muhuri nimelichukua, sikuwa nimelipa uzito huo. Na la Toronto la Mnyalukolo sina la kulijibu.

Ila kwenye vipuri sijahama. Hata kwa leseni halali kabisa, SLR ya Mwingereza na FAL ya Mbelgiji zilitengana: Mwingereza aligeuza michoro kuwa ya inchi, na magazini yake ina ndimi nene mbele isiyoingia kwenye FAL ya milimita. Ya milimita inaingia kwenye SLR, lakini inacheza. Mtu akinunua nakala, ahakikishe kwanza vipuri vyake anavipata Tanzania.

---

Mnyalukolo wa Mafinga (mwanzisha uzi)

Hapo tumekutana, mkuu. Ajuaye duka lenye leseni kati ya Iringa na Mbeya linaloagiza springi na pini za Zastava na Stoeger anitumie ujumbe wa faragha, kuna wakulima watatu wananiuliza.